Wadogo zangu mnaoanza kuongoza wageni Natron, anzeni na majivu kabla ya simba

Kila mwaka ikikaribia haisizoni, msimu wa wageni wengi, naona sura mpya pale Arusha, vijana wametoka chuo na cheti, darubini mpya shingoni, kitabu cha ndege kimeshachakaa kwa kusomwa, na wana moto wa kazi kwelikweli. Nawapenda sana. Ila nikikaa nao kwenye chai naona wengi wanasoma kama mimi nilivyokuwa nasoma, yani listi. Simba anabeba mimba siku ngapi, twiga ana urefu gani, wale wanyama watano wakubwa mpaka unawaota usiku. Alafu siku unapewa wageni wa Ziwa Natron, kule kaskazini mpakani na Kenya, unafika pale hakuna simba hakuna tembo, kuna mlima umesimama peke yake, kuna ziwa jekundu na vumbi, mgeni anakuuliza "ile nyeupe pale juu ni nini" na listi yako yote haina jibu.

Mimi yalinikuta. Ilikuwa 2006, ndio nimepewa gari kwa mara ya kwanza, kabla ya hapo nilikuwa msaidizi wa mpishi kwenye makempu. Nikaulizwa swali hilohilo nikajibu bila hata kufikiria kwamba ni theluji, maana Kilimanjaro ina theluji na huu nao ni mlima. Wageni wakaandika kwenye daftari zao. Jioni mama mmoja mtu mzima akaniita pembeni, kumbe alifundisha jiolojia maisha yake yote, hakunisema mbele ya wenzake na hilo sitalisahau. Akachukua kipande cha magadi tulichookota kando ya ziwa, akachukua limao lililobaki kwenye sahani ya samaki, akakamulia, ile kitu ikatoa povu pale pale mezani. Akaniambia weupe wa kule juu na hili ganda la ziwani ni ndugu wa damu, ukishaelewa moja umeelewa na lingine. Usiku ule nilikaa nje ya hema mpaka saa 8 naangalia ule mlima. Tangu hapo sijawahi kwenda Natron bila limao kwenye boksi la chakula, na leo nataka niwape yale niliyoyapata baada ya hapo, maana mimi ilinichukua miaka.

Tuanze na mlima wenyewe. Ol Doinyo Lengai, kwa Kimaasai ni Mlima wa Mungu, ndio volkano pekee duniani ambayo bado iko hai na inatoa lava ya kabonatiti. Sentensi hiyo kila mtu anaikariri chuoni, tatizo ni kwamba mgeni haijui kabonatiti na wewe ukibanwa huijui, kwaiyo mwambie hivi: lava za volkano anazoziona kwenye tivii, za Hawaii au Iceland, zina silika nyingi, ileile iliyoko kwenye mchanga na kioo, na joto lake ni kama nyuzi 1,100 hadi 1,200, ndio maana zinang'aa nyekundu hata mchana. Ya Lengai ni soda nyingi, joto lake kama nyuzi 500 hadi 600, nusu tu ya zile, kwaiyo mchana haing'ai, unaiona nyeusi au kahawia kama matope na inatiririka laini kama oili ya injini iliyopata moto. Ikishakutana na unyevu wa hewa inaanza kugeuka, masaa machache hadi siku kadhaa inakuwa nyeupe kama chokaa. Hiyo ndio theluji yangu ya 2006.

Na msimwambie mgeni kwamba huo mlima umelala. Mwaka uliofuata baada ya ile aibu yangu, mwezi wa saba 2007, matetemeko yakaanza, Arusha tuliyasikia na Nairobi waliyasikia, kubwa lao lilifika 5.9, na mwezi wa tisa mlima ukaanza kurusha majivu juu kabisa na ukaendelea mpaka 2008. Kabla ya hapo ulishalipuka 1917, 1940, 1966. Watu wa vijiji vya chini walipata taabu, majani yalifunikwa na majivu na mifugo ikakosa malisho. Ukiwa unaelezea uzuri wa mlima usiwasahau hao, maana wapo palepale mbele yako wanachunga, wanakusikia.

Sasa yale majivu yanaenda wapi? Hapo ndipo penye kazi yenu yote wadogo zangu, na hapo ndipo chuo kinapita haraka sana. Upepo wa kule muda mwingi unatoka mashariki, kwaiyo kwa maelfu ya miaka majivu ya Lengai na ya volkano za zamani za nyanda za juu za Ngorongoro yamekuwa yanabebwa kwenda magharibi na kutua kwenye tambarare za kusini mwa Serengeti, kule Ndutu. Yana kalisiamu na fosforasi kwa wingi. Mvua ikinyesha kidogo kidogo ile chumvichumvi inashuka chini na kuganda, inakuwa tabaka gumu kama sakafu ya saruji, mizizi ya mti haipiti, kwaiyo miti haioti, yanaota majani mafupi tu. Mgeni akikuuliza kwanini hapa hakuna miti hata mmoja na kule mbele ni pori, jibu ni hilo, liko chini ya tairi zako.

Na nyumbu ndio wanajua hilo kuliko sisi. Wapo kama milioni moja na laki tatu, na kila mwaka wanarudi kuzalia kwenye hayo majani mafupi, zaidi mwezi wa pili, maana jike anayenyonyesha anahitaji kalisiamu na fosforasi na majani ya huko ndio yamejaa. Wengi sana wanazaa ndani ya wiki mbili tatu tu, ndama ni wengi kiasi kwamba fisi na simba wakila mpaka wakachoka bado wanabaki, na ndama mwenyewe anasimama ndani ya dakika chache na kukimbia na mama yake. Kwaiyo unaona, yule ndama anayemliza mgeni kwa furaha kule Ndutu amejengwa mifupa kwa majivu ya milima ya huku. Mwambie hivyo ukiwa umesimamisha gari na kuzima injini. Mimi sijawahi kuona mgeni akabaki vilevile baada ya kusikia hivyo.

Hapohapo waambie na habari ya Wamaasai, kwamba nyumbu wakizaa wao wanahamisha ng'ombe wao mbali na hiyo tambarare ijapokuwa majani ndio matamu, kwasababu ndama wa nyumbu wanabeba kirusi kinachoua ng'ombe. Wazee walishalijua hilo kwa macho kabla ya maabara yoyote. Ukimwambia mgeni kwamba wafugaji wanakaa na nyumbu kwa utaratibu wa namna hiyo, anaacha kuwaona kama mapambo ya picha.

Kama ratiba yenu inapita Oldupai, lile bonde la mabaki ya watu wa kale kule Ngorongoro, simameni kwenye mchanga unaohama. Wengi mnaupita kwasababu mnakimbizana na muda wa geti, na mimi nawasihi msiupite. Ni kilima cheusi cha majivu chenye umbo la mwezi mwandamo, urefu wa kwenda juu kama mita 9, kimesimama peke yake kwenye uwanda mtupu, na kinatembea, kama mita 15 hadi 17 kwa mwaka, upepo unachukua chembe za nyuma unazipandisha juu na kuzimwaga mbele. Kuna vibao vya miaka vinaonyesha kilikuwa wapi. Mimi huwa nina sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu, naifunga kwenye mfuko wa nailoni naipitisha juu ya mchanga, inajaa manyoya meusi, maana yale majivu yana chuma ndani yake na chembe zinashikana zenyewe, ndio sababu moja kilima hakisambaratiki ovyo. Mkishamaliza mnarudisha mchanga palepale. Msipande juu na msiruhusu mtu kujaza chupa aende nayo kwao, ile ni sehemu ya heshima kwa Wamaasai, na kikipungua hakuna wa kukijaza. (Na jina sahihi ni Oldupai, ndio mkonge wa porini kwa Kimaasai, Olduvai ni makosa ya kusikia ya Mjerumani wa 1911. Ukilitamka sahihi wenyeji wanafurahi.)

Haya turudi ziwani, maana ndiko mnakoogopa.

Natron ni ziwa refu, linafika kama kilomita 57, lakini kina chake ni kifupi, sehemu kubwa hakifiki mita 3. Maji yanaingia kwa mto Ewaso Ng'iro wa kusini kutokea Kenya na kwa chemchemi za moto za pembeni, alafu hayana pa kutokea. Jua linakausha maji, soda iliyooshwa kutoka kwenye miamba ya volkano inabaki. Kwaiyo ziwa ni sufuria iliyoachwa jikoni miaka na miaka. Yale magadi mama anatia kwenye maharage magumu au kwenye makande ndio hayohayo, na hilo mwambie mgeni Mtanzania au Mkenya atakuelewa hapohapo, wa Ulaya mkamulie limao. pH, kile kipimo cha asidi na soda kwenye maji, inapita 10 wakati maji ya kunywa ni kama 7. Ule wekundu unaotokea wakati wa kiangazi sio udongo wala damu ya kitu, ni vijidudu vinavyopenda chumvi kali, kiangazi kikizidi na wao wanazidi.

Na hapa nina ombi ambalo naliomba kwa moyo wote. Acheni ile hadithi kwamba mnyama akigusa maji anageuka jiwe. Ilianzia kwenye picha za Nick Brandt zilizosambaa 2013, ni picha nzuri kwelikweli, yeye aliokota ndege na popo waliokufa wakiwa wamekauka na kugandwa na soda kando ya ziwa, akawasimamisha kwenye matawi kama wako hai na akapiga. Hakuficha hilo. Watu wa mitandaoni ndio wakaongeza kwamba ndege anatua na kuganda hapohapo. Mgeni anakuja ameshaliamini, na wewe unaona raha kumkubalia kwasababu anashtuka vizuri. Usifanye hivyo. Ukweli ni mzuri zaidi: mnyama akifia pale soda inamkausha na kumhifadhi asioze, Wamisri wa kale walitumia soda ya aina hiyo kukaushia maiti za wafalme wao na jina natron limetokea huko. Na ukimdanganya leo, kesho anaona heroe, yani flamingo, elfu hamsini wamesimama kwenye maji hayohayo wanakula, atakuuliza mbona hawa hawajawa mawe.

Heroe basi. Duniani kuna aina 6 tu za heroe, Afrika tuna 2 na Natron utawaona wote wawili, kwaiyo jifunze kuwatenganisha kwa mdomo usitegemee rangi. Heroe mkubwa ni mrefu, mweupeweupe, mdomo wa pinki wenye ncha nyeusi. Heroe mdogo ni mfupi, ana pinki iliyokolea, mdomo mwekundu wa kiza ambao kwa mbali unaonekana mweusi wote. Wanakaa ziwa moja bila kugombana kwasababu chakula ni tofauti: mkubwa anachuja vidudu vya kwenye tope, mdogo anachuja mwani mdogo mdogo wa kijani-buluu ambao macho yako hayauoni, kichwa anakigeuza juu chini, ulimi unasukuma maji kama pampu na vichujio vya kwenye mdomo vinashika chakula. Pinki inatoka kwenye huo mwani, rangi ya jamii ileile ya kwenye karoti. Kifaranga anazaliwa mweupe wa kijivu, hana pinki kabisa, inabidi aile kwanza.

Inakadiriwa kama robo tatu ya heroe wadogo wote duniani wanazaliwa Natron. Sehemu nyingine wanazozalia zinahesabika, Etosha ya Namibia, Sua Pan ya Botswana na Rann of Kutch India, na kwa miaka kadhaa walizalia pia bwawa la Kamfers pale Kimberley Afrika Kusini, lakini kwa Afrika Mashariki sehemu ya uhakika ni hii moja. Wale wa Nakuru, Bogoria, Manyara, Momella, wote hawa wanakula huko na kuja kuzalia huku, na kwa kawaida wanasafiri usiku, jioni ziwa limejaa asubuhi halina mtu. Mgeni akikasirika kwamba kampuni yake ilimuahidi heroe milioni na ameona mia mbili, usianze kujitetea, mueleze hili la kuhama usiku. Na ofisini waambieni waache kuahidi idadi.

Kuzaa kwenyewe kunahitaji maji yawe katika kiwango chake hasa. Maji yakishuka kiasi, katikati ya ziwa yanatokea maganda makubwa ya soda kama visiwa, heroe wanajenga viota vya tope kama vichuguu vidogo, yai moja tu kila kiota, wanalalia kama siku 28. Maji ya soda yanayozunguka ndio ukuta wao, fisi na bweha hawavuki. Maji yakizidi viota vinafunikwa, yakipungua sana fisi anatembea mpaka pale. Kwaiyo kuna miaka hawazai kabisa na wakijaribu inaharibika. Vifaranga wakitoka wanakusanywa chekechea, makundi makubwa yanasimamiwa na wakubwa wachache, alafu wanatembea kwa miguu kilomita nyingi kufuata maji matamu ya pembeni, huku makongoti, wale marabu wa majalalani, wakiwavizia njiani. Mwaka 1962 Natron ilipofurika walihamia kuzalia Ziwa Magadi Kenya, huko soda ikawa inaganda kwenye miguu ya vifaranga kama pingu, na watu wakaingia ziwani kuzivunja kwa mikono, maelfu kwa maelfu walifunguliwa. Nikiielezea hiyo sauti yangu bado inabadilika.

Sasa usalama, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Lile ganda jeupe sio ardhi. Juu limekauka vizuri unaweza kudhani ni uwanja wa mpira, chini kuna tope la soda la moto. Miaka ya 1950 Leslie Brown, mtaalamu wa ndege aliyekuwa Kenya, aliona viota akiwa angani kwenye eropleni akataka kuvifikia kwa miguu. Ganda likawa linamvunjikia, tope likaingia kwenye viatu, akarudi kwa shida sana na akalazwa hospitali miguu imeungua vibaya. Huyo alikuwa mtu mzoefu wa pori. Wewe una wageni sita, mmoja ana miaka 70. Kwaiyo anatangulia kijana wa Engaresero, kijiji cha kando ya ziwa, wewe unafuata, wageni nyuma yenu kwa mstari, na yule kijana akisema basi ni basi, hata mgeni akinung'unika kwamba picha iko mbele kidogo. Viatu vya kufunika, sio ndala. Mguu ukiloa unaosha kwa maji safi kabla hata ya kupanda gari, kwaiyo beba dumu la maji ya kuoshea peke yake mbali na ya kunywa. Mwenye kidonda mguuni abaki pembeni.

Muda ni saa 12 asubuhi au saa 11 jioni. Saa 6 mchana kule jua linavuka nyuzi 40 na haina maana, mwanga ni mbaya, ndege wamebaki kama mvuke, na mtu anazidiwa kwa joto bila kujijua. Nilishampeleka mzee mmoja saa 5 asubuhi kwasababu tulichelewa kutoka kempu, akaanza kutetemeka na kuongea vitu visivyoeleweka, tulimkimbiza kwenye kijito tukamlowesha nguo zote, alipata nafuu lakini ile nusu saa sitaki irudi. Kuchelewa kule kulianzia kwangu, nilishindwa kumwambia mgeni mwingine kwamba chai inatosha tuondoke.

Na umbali. Angalia shingo za heroe. Wakiwa wameinamisha vichwa wanakula, mko salama. Shingo zikianza kunyooka moja moja, simama. Wakianza kutembea wote upande mmoja kama askari, umeshapita mpaka, rudi nyuma taratibu hatua kumi. Kuwarusha ndio picha nzuri, najua, na kuna wanaopiga makofi makusudi, ila kila wakiruka wanatumia nguvu walizotakiwa kuzitumia kwa yai. Droni usiikubali hata kama mgeni ana tipu ya dola mia mkononi.

Kitu kimoja ambacho karibu wote mnakiruka ni samaki. Ndio, Natron ina samaki. Pembeni kwenye chemchemi za moto kuna perege wadogo, wengi urefu wa kidole, jamii yao inaitwa Alcolapia na kwa asili ipo Natron na Magadi ya Kenya tu. Wanaishi kwenye maji yanayokaribia nyuzi 40, yenye soda ambayo ingemuua sato wa Victoria hapohapo. Samaki wa kawaida anatoa uchafu wa mwili kama amonia kupitia mashavuni, kwenye maji ya soda amonia haitoki vizuri ingemsumisha mwenyewe, sasa wale wa Magadi wamegundulika wanatengeneza yurea kama tunavyofanya sisi kwenye mkojo. Yani uchafu wa samaki unafanana na wa mkojo wa mtu. Wapigishe wageni magoti pale pembeni waangalie dakika kumi bila kuongea. Nimekuwa na wageni waliotoka Galapagos na Borneo, wanarudi wanasema walichokumbuka ni wale samaki wa kidole.

Kupanda Lengai sitalisemea sana kwasababu hiyo kazi ni ya vijana wa Engaresero, wao wanajua njia na dalili za mlima, wewe usijifanye. Mnaanza karibu na saa 6 usiku ili mfike juu alfajiri, ni karibu mita 2,000 za kupanda kwenye majivu yanayoteleza, unapanda hatua mbili unarudi moja, na kushuka ni kubaya kuliko kupanda. Kazi yako ni kumpima mgeni kabla, kwa ukweli. Kama goti lina shida mwambie hapana mapema, sio saa 9 usiku katikati ya mteremko. Na mkikuta watu wamekuja kuomba, maana Wamaasai wanakwenda kwenye mlima huo kumuomba Engai, yani Mungu, mvua na watoto, kamera zinashuka chini. Msalimieni mtu kwanza ndio muulize habari ya picha.

Kuna jambo la kiwanda. Kuanzia kama 2006 kulikuwa na mpango wa kuchimba magadi kwa wingi Natron na mabishano yalikuwa makubwa, na suala hilo lina tabia ya kurudi. Wageni watakuuliza. Mimi nina msimamo wangu, ule ukuta wa maji ukiguswa heroe hawana pengine pa kwenda. Lakini kabla sijausema huwa nasema na upande wa kijana wa kijijini anayetaka ajira, kwasababu swali lake ni la haki na mimi mshahara wangu unatokana na hao ndege, yeye bado.

Mwisho wa siku ya mwisho wapelekeni kwenye nyayo. Ukingo wa kusini wa ziwa, Engaresero, kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400 kwenye majivu yaliyoganda, majivu ya Lengai hayohayo yaliyoshuka na maji yakawa tope, watu wakapita, likakauka. Watafiti wamezikadiria kati ya miaka 5,760 na 19,100 iliyopita. Kuna kundi la watu 17 walitembea pamoja kuelekea kusini magharibi, wengi wao wanaonekana ni wanawake. Msikanyage, msiweke mguu kupima saizi, zinalika. Fika pale kama saa 11 na nusu jioni, jua likiwa chini kabisa, kwasababu mchana utaona mashimo tu na mgeni atakuwa anaitikia kwa adabu. Jua likilala kivuli kinaingia kwenye kila nyayo, kinaingia kwenye kisigino, kwenye kidole gumba, mpaka vile vidole vidogo, na unaona kabisa huyu alikuwa anakimbia na huyu alikuwa anatembea. Mimi pale huwa siongei. Naonyesha mkono kwenye mlima ulioko nyuma yetu, alafu nachutama, nasubiri wao waanze kuuliza.